Machozi Yalikauka, Akili Ikachelewa

Nilipoacha kulia, nyumbani walisema nimepona. Nilikuwa nimeanza kula vizuri, kuoga bila kusukumwa, kwenda ibadani Jumapili na kuitikia salamu za majirani. Mume wangu alimpigia mama yake simu Tukuyu akamwambia, "Mama, mwenzangu anaendelea vizuri sasa, tushukuru." Kliniki nako walisema hivyohivyo. Wote walisema kweli kwa kile walichokiona. Lakini nilipokaa mezani na mkasi mkononi, gauni la kawaida la kitenge, ambalo zamani ningelikata huku napiga soga na wateja, lilinishinda.

Nawaandikia walio kwenye hali hiyo sasa hivi, pamoja na wanaoishi nao. Sonona wengi tunaijua kwa huzuni yake: kulia, kujifungia, kukosa usingizi, kutamani kufa. Upande wake wa kufikiri hausemwi sana, nao ndio unaochelewa kuondoka, na ndio unaomtoa mtu kazini.

Mimi ni fundi cherehani. Kabla ya kuugua nilikuwa na fremu Mwanjelwa, hapa Mbeya, nashona magauni ya sendofu, sare za kwaya na suti za kina mama. Watu hudhani ushonaji uko mikononi. Mikono ni sehemu ndogo. Mteja anasimama mbele yako, unazungusha futi kifuani, unasoma namba, unashuka kiunoni, unasoma, nyonga, mabega, urefu wa mkono, na muda wote huo anakusimulia habari za harusi ya wifi yake. Namba zote unazishikilia hadi mkono ufike kwenye kalamu. Kisha kitambaa kikiwa mezani unakikunja kwanza kichwani: mbele itoke wapi, mgongo utoke wapi, maua ya kitenge yakutane vipi kwenye mshono, ubakize kiasi gani cha pindo, kipande gani kitangulie ili kinachobaki kitoshe mikono. Chaki ikigusa kitambaa, gauni umeshalimaliza akilini.

Hapo ndipo ugonjwa uliponipiga. Nilikuwa nasoma kifua 38, nikishusha futi kiunoni ile 38 haipo. Napima upya. Mteja ananitazama, mimi natabasamu, napima tena. Nikikunja kitambaa, picha ya gauni inakuja nusu halafu inakatika, na nikianza kuitafuta nasahau nilikuwa nimefikia wapi. Kazi ya asubuhi moja ilianza kulala mezani kwangu hadi wiki inakwisha. Mwisho wa siku nilikuwa nimechoka kuliko mtu aliyetoka kulima, na hakuna kilichosimama.

Nje ya kazi ilikuwa vilevile. Nilisimama sokoni mbele ya mafungu mawili ya nyanya ya bei moja nikashindwa kuchagua, mpaka mama muuzaji akanichagulia. Nilisoma mstari wa Zaburi, nikarudi, nikausoma tena, maneno nayajua yote lakini hayashikani. Watu watatu wakiongea sebuleni kwa pamoja nilisikia kelele tu. Mtu akiniuliza swali, jibu lilinijia yeye ameshahamia jambo jingine. Na kuna majina ya vitu vya kila siku yaliyokuwa yakinikwama: pasi, bobini, kibanio. Namwonyesha binti anayejifunza kwangu kwa kidole.

Mambo ya zamani sikuyasahau. Nilikumbuka vizuri arusi yangu, bei ya kila kitambaa nilichowahi kununua, nyimbo za utotoni. Kilichopungua ni uwezo wa kushika jambo la sasa hivi, kulipanga na kulifikisha mwisho. Nalisema hili kwa sababu watu wakisikia "nasahau" wanafikiria uzee, wanaanza kukuogopesha.

Tafsiri za watu zilikuwa nyingi. Wengine walisema nimekuwa mvivu, maana mwili wangu unaonekana mzima. Wengine wakaona kiburi, kwamba siku hizi najibu nikitaka. Wapo walioniambia nijikaze. Neno hilo wanalitoa kwa nia njema, najua, lakini mtu anayejaribu kupima kifua kimoja mara nne tayari amejikaza kuliko wote waliomo ndani ya nyumba. Wapo walioniombea, na maombi yao niliyapokea kwa moyo wote na nayapokea hadi leo. Nilichowaomba ni kwamba wasiyaweke mahali pa dawa.

Mama mkwe wangu ndiye aliyenishangaza. Alikuja kutoka Tukuyu na mikungu ya ndizi, akakaa nasi. Mwanzoni aliumia. Alikuwa akinituma mambo mawili matatu kwa mkupuo kama ilivyo kawaida yake, nafanya la kwanza, mengine yanapotea. Jioni moja akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, siku hizi hunisikii, au nimekukosea?" Nikamweleza. Nilimweleza vibaya, kwa kukatakata, lakini alielewa haraka kuliko wasomi wengi. Kuanzia siku ile akawa ananiambia jambo moja, ananyamaza, likiisha ndipo anataja la pili. Na akamwambia mwanawe afanye hivyohivyo. Sijui dawa gani ya hospitali ingenipa nafuu ile kwa kasi ile.

Sasa nirudi kliniki, maana hapa pana jambo ambalo kila mgonjwa wa sonona anapaswa kulijua. Karatasi wanayotumia ina maswali 9. Unaulizwa kwa wiki 2 zilizopita umesumbuliwa kiasi gani na kukosa hamu, huzuni, usingizi, uchovu, chakula, kujiona hufai, kushindwa kuzingatia, kwenda taratibu mno au kuhangaika, na mawazo ya kujidhuru. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, hivyo jumla haiwezi kuvuka 27. Ukiwa chini ya 5, inachukuliwa kwamba dalili zimekwisha au zimebaki kidogo sana.

Karatasi ile ni nzuri. Bila hiyo nisingejulikana kwamba naumwa, ningeendelea kutibiwa vidonda vya tumbo. Lakini iangalie vizuri. Kuzingatia ni swali moja tu kati ya 9, la 7, na mfano wake ni kusoma gazeti au kutazama televisheni. Mtu akiweka 3 kamili kwenye swali hilo na 0 kwingine kote, jumla yake ni 3. Ataandikwa kwamba ana nafuu, na kwa kipimo kile ni haki aandikwe hivyo, huku hawezi kukata gauni, hawezi kufundisha darasa, hawezi kufunga hesabu za duka. Hiyo ndiyo ilikuwa hali yangu, na gazeti silisomi hata nikiwa mzima.

Aliyefungua jambo hili ni sista mmoja aliyekuwa zamu. Aliziona alama zangu, akafurahi, kisha akaniuliza swali lisilo kwenye karatasi.

"Mama, kazi umerudia?"

Nikamwambia nimerudia lakini haiendi.

"Haiendi vipi?"

Hapo nikamwaga yote, futi, kitambaa, nyanya za sokoni. Hakunikatiza. Akanitajia namba, akaniomba nizirudie kuanzia mwisho kuja mwanzo. Tatu niliweza, nne zikanitoka. Akanitajia maneno machache, tukazungumza habari za watoto, kisha akaniuliza yale maneno. Mengi yalikuwa yameondoka. Akaandika yote kwenye faili akanipeleka kwa daktari. Natamani kila kliniki iwe na utaratibu wa kuuliza kazi ya mtu ni nini na kipi kwenye kazi hiyo hakiendi. Mkulima wa viazi wa Njombe, dereva wa lori la Tunduma na mwalimu wa Iringa hawatakwama mahali pamoja.

Daktari alianza kwa kuondoa sababu nyingine. Alipima damu kuona kama nina upungufu, akauliza habari za usingizi na pombe, na akanishika shingo. Huku kwetu nyanda za juu za kusini ugonjwa wa rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, ulikuwa wa kawaida sana kabla ya chumvi yenye madini ya joto kuenea, bibi yangu mwenyewe alikuwa nalo. Tezi ya shingo ikifanya kazi kidogo, mtu hulegea, husikia baridi, hupoteza furaha na akili yake huenda polepole, hivyo ni rahisi kudhani ni sonona tu. Wakanipima, yangu ilikuwa sawa. Lakini nimewaambia ndugu zangu wote: ukiwa na dalili hizi, omba tezi iangaliwe.

Kisha akatazama dawa. Nilikuwa natumia amitriptilini. Ni dawa ya zamani, inasaidia, inapatikana, na kwangu ndiyo iliyorudisha usingizi na kuniondoa kwenye lile shimo. Lakini inakausha kinywa, inaleta usingizi hadi asubuhi, na inazuia kemikali moja ya ubongo inayohusika na kumbukumbu na umakini. Kwa hiyo sehemu ya uzito wangu ilitokana na ugonjwa na sehemu ilitokana na dawa. Alinihamishia kwenye fluoksetini, nikawa nameza asubuhi, na ule ukungu wa asubuhi ukapungua. Mabadiliko yenyewe yalifanywa taratibu na yeye mwenyewe akiyasimamia. Nasisitiza hapo kwa sababu namjua jirani aliyeacha vidonge ghafla baada ya kusikia vinapunguza akili, akaanguka vibaya. Dawa iliyokutoa kitandani usiitupe kwa maneno ya mtaani. Nenda na malalamiko yako kwa aliyekuandikia.

Mdogo wangu wa kike anasomea uuguzi Iringa, na yeye ndiye aliyenifundisha mengine. Aliniambia kwamba kushindwa kufikiri, kuzingatia au kuamua kumo ndani ya dalili 9 rasmi za sonona kubwa, zile ambazo mtu akiwa na 5 kwa wiki 2 au zaidi, mojawapo ikiwa huzuni au kukosa hamu, ndipo ugonjwa unatajwa. Ina maana jambo hili ni ugonjwa wenyewe, limo tangu mwanzo. Alinionyesha pia utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2011, ambapo wagonjwa walifuatiliwa kwa miaka 3. Wakati sonona imewashika, shida za kufikiri zilikuwepo kati ya asilimia 85 na 94 ya muda. Wakati wakiwa na nafuu, shida hizo bado zilikuwepo asilimia 39 hadi 44 ya muda. Niliisoma sentensi ile mara nyingi, safari hii kwa kupenda. Kuna watu huko Ulaya, wenye hospitali nzuri na umeme usiokatika, waliokuwa wamekwama palepale nilipokwama mimi.

Uchambuzi mwingine wa mwaka 2014, uliojumlisha tafiti nyingi, ulionyesha kwamba kwa watu waliopata nafuu, kinachobaki kimepungua hasa ni umakini na uwezo wa kupanga mambo na kuyatekeleza. Kwa fundi, hapo umetaja kazi yote. Na picha za ubongo zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali na kuchapishwa mwaka 2015 zilionyesha kwamba hipokampasi, sehemu inayosaidia kuweka kumbukumbu mpya, kwa wastani ni ndogo kidogo kwa watu waliougua sonona, hasa waliougua zaidi ya mara moja. Hilo liliniogopesha, maana nami nimeugua zaidi ya mara moja. Daktari akaniambia wastani wa maelfu ya watu hausemi ubongo wa mtu mmoja uko vipi, na kwamba kuzuia ugonjwa usirudi ndiyo kinga kubwa niliyo nayo.

Kazini tulibadilisha mambo, na haya nitayaeleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo yaliyonirudishia mkate. Kwanza, fremu ya Mwanjelwa niliiachia. Kodi ilikuwa inanikaba na kelele za soko zilinimaliza. Nikahamishia cherehani barazani nyumbani, Ilomba. Namba sizishiki tena kichwani. Napima, natamka kwa sauti, "Kifua 38," na binti anaandika palepale kisha ananisomea. Wateja wengine waliona ajabu mwanzoni, sasa wanapenda, wanasema fundi huyu hana maneno ya "njoo nikupime tena". Kila mteja ana ukurasa wake, wenye mchoro wa mshono, siku anayokuja kuchukua na malipo ya awali, na kitambaa chake kinabanwa na karatasi yenye jina.

Nakata asubuhi tu. Baada ya chai, kabla ya saa 5, kichwa changu kiko wazi kuliko wakati mwingine wote. Mezani kuna kitambaa kimoja, redio imezimwa, simu iko chumbani. Mchana nafanya ya mikono: pindo, vifungo, zipu, pasi. Zamani niliona aibu kuipanga siku hivyo, kwa sababu fundi mzuri huku kwetu anajulikana kwa kufanya yote kwa pamoja na kumaliza usiku wa manane mkesha wa Krismasi. Usiku siku hizi nalala. Nisipolala usiku mmoja, kesho yake naliona kwenye kitambaa.

Sare za shule za saizi mbalimbali nilizichora kwenye karatasi ngumu, nikazikata na kuzitundika ukutani. Nikipata oda naweka karatasi juu ya kitambaa, nachora, nakata. Hakuna cha kukunja kichwani. Magauni ya sendofu nimeyaacha kwa sasa. Sare za kwaya, ambazo ndizo zilizokuwa furaha yangu kubwa, nazichukua kwa kushirikiana na fundi mwenzangu wa mtaa wa pili. Yeye anakata, mimi nashona, pesa tunagawana. Kwaya ya akina mama ilipovaa sare zetu Pasaka, hakuna aliyejua mshono upi ni wa nani.

Natembea pia, asubuhi kabla ya jua kukolea, kuelekea upande wa mlima Loleza kisha narudi. Mwezi wa saba baridi ya Mbeya inauma na kuna siku sitoki. Mazoezi yanasaidia sonona, hilo linajulikana, na kwangu mimi siku niliyotembea mkasi unakwenda vizuri zaidi.

Pamoja na yote hayo kipato changu hakijarudi kilipokuwa. Nalisema wazi kwa sababu simulizi nyingi za kupona huishia kwenye ushindi, na anayesoma akiwa bado amekwama hujiona yeye ndiye mwenye kasoro. Mimi nafanya kazi, nalipa ada za watoto kwa kusaidiana na mume wangu, na bado kuna sehemu ya ufundi wangu ambayo haipo mkononi. Huo ni ulemavu, hata kama hauonekani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 hapa Tanzania haiishii kwenye mguu na macho. Inazungumzia pia mtu anayezuiwa kushiriki maisha ya jamii sawa na wengine kwa sababu za akili. Inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri imegawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Lakini katika mikutano yote ya mtaa niliyohudhuria sijawahi kuona mtu aliyeugua sonona akisimama upande wa zile 2. Tunaogopa kuitwa vichaa, na anayeandika majina anatafuta fimbo au miwani myeusi. Mwalimu anayehitaji vipindi vichache kwa muhula mmoja, au karani anayehitaji maagizo kwa maandishi badala ya mdomo, haombi upendeleo. Anaomba kile mama mkwe wangu alichonipa bure.

Kuna swali moja bado tunalijadili na daktari. Watu wapatao nusu wanaopona sonona ya kwanza huugua tena, na anayeugua zaidi ya mara moja hatari yake ni kubwa zaidi, ndiyo maana kwa wengine vidonge huendelea kwa muda mrefu baada ya nafuu. Mimi natamani siku moja niache. Yeye anataka kwanza aone kazi imetulia. Tumekubaliana msimu wa mahafali upite, kwa sababu Septemba na Oktoba oda zinakuwa nyingi na usingizi unakuwa mashakani, kisha Januari tukae tuangalie alama zote: zile za karatasi ya maswali 9, namba za kurudisha nyuma, na daftari langu la wateja, ambalo sista amesema nilibebe kila ninapokwenda.